Bustani hai ya mboga inayolipa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu huniuliza wanapotembelea bustani yangu, na mengine huja kwa simu usiku mtu akiwa amekwama. Nalima Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kwenye masika ya Machi hadi Mei na vuli ya mwisho wa mwaka. Kama mvua zako zina ratiba nyingine, sogeza miezi; mengine yote yatakufaa. Ukikuta jibu linakupeleka kwenye swali jingine, nenda ukalisome, sirudii.

## Kabla ya kuanza

Kilimo hai ni kulima bila dawa tu?

Hapana. Mtu anayepanda mchicha mwaka hadi mwaka kwenye udongo uliochoka, bila dawa na bila samadi, anaukamua udongo tu. Kilimo hai ni kulisha udongo kwa samadi, mboji na mimea ya jamii ya kunde, kubadilisha mazao kwenye tuta, na kumzuia mdudu kabla hujafikiria kupuliza chochote. Mbolea za viwandani kama urea na DAP hazitumiki, viuatilifu vya kemikali na dawa za magugu hazitumiki, wala mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha pamoja cha mazao haya, EAS 456, cha mwaka 2007. Habari za cheti ziko mbele.

Nianze na eneo kiasi gani?

Robo ekari inatosha, yaani kama mita za mraba 1,000. Ukitoa njia, kitalu na sehemu ya mboji, unabaki na matuta ya mita za mraba 600 hivi. Watu wawili wanaofanya kazi kila siku wanaimudu. Wengi waliokwama niliowafahamu walianza na ekari nzima: magugu yakawashinda wiki ya sita, maji yakawashinda wiki ya nane.

Kama huna uzoefu kabisa, lima matuta kumi ya mita 1 kwa 10 kwa miezi minne, kisha ndiyo uongeze.

Mtaji uende wapi kwanza?

Maji. Kisha uzio, maana mbuzi wa jirani na kuku wako mwenyewe watakutia hasara kubwa kuliko mdudu yeyote. Kisha samadi. Kisha mbegu, ambazo kwa mboga za majani ni gharama ndogo. Banda la nailoni liwe la mwisho, baada ya kujua mteja wako ni nani. Nimeona mabanda mazuri yaliyojengwa kwa mkopo, na ndani yake nyanya zimekufa kwa mnyauko kwa sababu udongo ulikuwa mgonjwa tangu mwanzo.

Nilime mboga gani?

Mimi nazigawa kwa jinsi zinavyorudisha fedha. Kundi la kwanza ni za haraka: mchicha, chainizi, figili. Wiki tatu hadi sita umeshauza. Kundi la pili unachuma muda mrefu: sukuma wiki, spinachi, mnavu, matembele. Sukuma wiki iliyopandwa sentimita 45 kwa 60 na kulishwa vizuri utaichuma miezi mingi. Kundi la tatu ni za matunda: nyanya, hoho, bilinganya, nyanya chungu, bamia. Hizi zinaweza kulipa zaidi, ila zinakusubirisha, na nyanya hasa inaweza kukuangusha siku moja.

Mwaka wa kwanza weka theluthi mbili ya matuta kwenye majani. Utakuwa na fedha kidogo kila wiki, na fedha ya kila wiki ndiyo inayomlipa kibarua na kununua samadi. Nyanya chungu na bamia ni rafiki wa anayeanza. Nyanya iwe na matuta mawili ya kujifunzia.

Kosa la watu wa bondeni ni kushindana na mlimani. Kabichi na karoti za Mgeta zinalimwa kwenye baridi, udongo mzuri, na watu wa kule wana samadi ya mbuzi wao wa maziwa. Ukilima kabichi Morogoro mjini kwenye joto, nondo mgongo-almasi anakungoja, na sokoni utakuta ya Mgeta ni kubwa kuliko yako. Lima kile ambacho hakivumilii safari: majani. Mnavu uliochumwa alfajiri kilomita tano kutoka sokoni hauna mpinzani kutoka mbali.

Inalipa kweli?

Inalipa kwa anayehesabu. Chukua tuta moja la mchicha la mita za mraba 10. Bei hizi ni za mfano, weka za kwenu. Mbegu shilingi 500, samadi ndoo mbili shilingi 2,000. Kumwagilia dakika kumi kwa siku 25 ni kama saa nne. Kuandaa tuta, kupalilia, kuvuna na kufunga mafungu ni saa tano. Saa tisa, ukimlipa kibarua shilingi 10,000 kwa saa sita, ni shilingi 15,000. Jumla 17,500.

Tuta limetoa mafungu 100 ya shilingi 200: shilingi 20,000. Faida 2,500. Yakiuzika 80 tu, umepata 16,000, na umepoteza 1,500.

Angalia vizuri hapo. Mbegu na samadi havikukuumiza, na dawa ya dukani haimo kabisa kwenye hesabu. Kinachoamua ni saa za kazi na mafungu yaliyokosa mnunuzi. Weka mpira wa maji badala ya keni, kumwagilia kushuke kutoka saa nne hadi saa moja na nusu, umeokoa zaidi ya shilingi 4,000 kwa tuta moja. Hakuna bei maalumu ya "mboga hai" itakayokupa kiasi hicho kwa urahisi hivyo. Wengi hawaandiki kazi yao wenyewe, wanasema "mimi sijilipi", halafu baada ya mwaka wanachoka na kuacha bila kujua sababu.

Daftari liandikweje?

Kila tuta lina ukurasa wake: tarehe ya kupanda, mbegu, samadi, saa za kazi, kilichovunwa, kilichouzwa, kilichorudi. Safu ya kilichorudi ndiyo muhimu kuliko zote. Ikijaa wiki tatu mfululizo, unapanda zaidi ya wateja wako.

## Udongo na maji

Samadi kiasi gani, na ya mnyama gani?

Anza na kilo mbili kwa mita ya mraba, yaani kama ndoo mbili za lita 20 kwa tuta la mita za mraba 10. Udongo wa kichanga uongezewe. Iwe imeoza: ukiishika isichome pua, isinate, na usione tena nyasi alizokula ng'ombe. Samadi mbichi inaunguza miche, inaleta magugu, na kwenye mboga zinazoliwa mbichi kama saladi inaweza kuleta vijidudu vya kuhara na minyoo. Ya kuku ni kali zaidi, iivishe kwanza na utumie nusu ya kipimo.

Samadi ya kuku wa kufugwa kwa wingi ndani ya mabanda ni suala jingine kama unataka cheti. Waulize wanaokuhakiki kabla hujanunua lori zima.

Mboji nitaitengenezaje bila kungoja mwaka?

Panga tabaka: makavu (mabua, majani makavu), mabichi (magugu kabla hayajatoa mbegu, majani ya alizeti pori), samadi kidogo, maji, rudia hadi kufikia kimo cha kifua. Lundo likiwa dogo halipati joto. Chomeka fimbo katikati. Baada ya siku chache uitoe: ikiwa moto kiasi cha kukushinda kuishika, mambo yanaenda, ikiwa baridi na kavu ongeza maji na mabichi, ikiwa baridi na inanuka umeweka maji mno. Joto la nyuzi 55 hadi 65 ndilo linaloua mbegu za magugu na vijidudu vingi. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu, la nje liende ndani. Miezi miwili hadi mitatu mboji iko tayari.

Majani ya alizeti pori yanaoza haraka na yana naitrojeni nyingi. Yanaota bure kandokando ya barabara, nami huyakata kila Jumamosi.

Maji kiasi gani kwa siku?

Kiangazi, kadiria lita tano kwa mita ya mraba. Tuta moja la mita za mraba 10 ni lita 50, yaani madumu mawili na nusu. Matuta ishirini ni lita 1,000, madumu 50 kila siku. Kabla ya kununua mbegu, simama kisimani ujiulize kama utabeba madumu 50 leo, kesho na kesho kutwa. Kama jibu ni hapana, punguza matuta au anza na pampu na tangi.

Matandazo yanapunguza kiu. Hapa kwetu pumba za mpunga zinapatikana mashineni, ila zinaoza polepole, kwa hiyo zikae juu ya udongo, usizichimbie ndani. Kiangazi tumia matuta ya kuzama, maji yasikimbie. Masika inua matuta, mizizi isizame.

Kubadilisha mazao kunahusu nini?

Usirudishe ukoo mmoja mahali pamoja. Nyanya, bilinganya, hoho, nyanya chungu na mnavu ni ndugu, ingawa hazifanani mezani. Sukuma wiki, kabichi, chainizi na figili ni ndugu vilevile. Baada ya ukoo wa nyanya weka kunde au maharage, kisha majani ya ukoo mwingine. Chora ramani ya bustani, kila ukoo na rangi yake; rangi nne zinatosha. Tuta lililogoma kabisa lina swali lake mwishoni.

## Wadudu na magonjwa

Dawa gani ya asili inaua kila mdudu?

Haipo, na anayekuuzia chupa ya namna hiyo anakudanganya. Kwanza angalia ni nani anakula. Vidukari kwenye sukuma wiki: maji ya sabuni ya mche, yapige chini ya jani. Sota anayekata miche usiku: fukua pembeni ya mche uliokatwa asubuhi, utamkuta amejikunja, muue. Nondo mgongo-almasi: chandarua kuanzia kitaluni, na dawa ya bakteria ya Bt ambayo inakubalika kwenye kilimo hai.

Pareto inaua haraka, na inaua nyuki pia, hivyo pulizia jioni walipolala. Utupa ni mkali. Wazee walivulia samaki kwa kuutia mtoni. Usiuoshee bomba lako kwenye kijito, na usiupulizie kwenye majani unayokaribia kuvuna. Maji ya tumbaku usiyatumie: ni sumu kwako unayepulizia, na tumbaku inaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya.

Muarobaini unachanganywaje?

Gramu 50 za kiini cha mbegu kavu, zilizotwangwa, kwa kila lita ya maji. Bomba la lita 16 linataka gramu 800. Loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, weka sabuni kidogo ishike kwenye jani, pulizia jioni inayofuata. Jua linaiharibu, ndiyo maana anayepulizia saa nne asubuhi husema muarobaini haufanyi kazi. Hauangushi mdudu papo hapo. Unamfanya aache kula na ashindwe kukua. Subiri siku tatu uhesabu majani mapya yaliyotoboka.

Kanitangaze kwenye nyanya ana tiba?

Mdudu huyu ameingia Tanzania mwaka 2014, akionekana kwanza upande wa Arusha, na asili yake ni Amerika ya Kusini. Kiwavi anakaa ndani ya jani na ndani ya tunda, ndiyo maana hata wanaotumia sumu kali wanalia. Anza mapema: mtego wa harufu ya jike juu ya beseni la maji ya sabuni tangu siku ya kupandikiza, kuchuma majani yenye michirizi kila siku mbili na kuyafukia kwa kina, Bt kiwavi angali mdogo, na kung'oa mabua yote mara mavuno yakiisha. Tatizo kubwa ni jirani anayeacha nyanya zake zilizokufa shambani. Nenda ukaongee naye, na ikibidi mkamsaidie kung'oa. Mimi nimewahi kung'oa shamba la jirani kutwa nzima, na nyanya zangu zilipona.

Ukungu wa masika je?

Bakajani chelewa inaweza kummaliza nyanya ndani ya wiki moja ya mvua na ubaridi. Panda kwa nafasi, funga kwenye vijiti, kata majani ya chini yanayogusa udongo, mwagilia chini na siyo juu ya jani. Paa la nailoni, hata bila kuta, linasaidia kuliko kitu chochote cha kupuliza, kwa sababu jani kavu haliugui ugonjwa huu. Sababu ya kuhangaika hivyo iko kwenye swali la kalenda.

## Soko

Mboga hai zinauzwa bei ya juu?

Gengeni, hapana. Mama muuza mboga anaangalia ukubwa wa fungu na ubichi wa jani. Atakayekulipa zaidi ni mteja aliyekuja mwenyewe kuona unavyolima, mzazi mwenye mtoto mdogo, hoteli na migahawa kadhaa, na duka linalouza bidhaa hai. Panga hesabu zako kwa bei ya gengeni. Kama hapo tu unapata faida, bei ya juu ikija ni ziada. Kama unapata hasara hadi ulipwe bei ya juu, bustani yako haijasimama.

Nimuuzie nani kwanza?

Kaya ishirini za karibu. Tengeneza kapu la wiki: aina tano za mboga kwa bei moja, Jumatano na Jumamosi, fedha mapema kwa simu. Unajua Jumanne jioni utavuna mafungu mangapi, hivyo safu ya kilichorudi inabaki tupu. Kisha wapate wauzaji wawili au watatu wa genge wanaochukua ziada bila kukulazimisha kuwapa kwa mkopo.

Dalali anayekuja shambani kununua tuta zima ana kazi yake siku umeelemewa. Ila hesabu mafungu kabla hajafika, na viroba vya lumbesa (vilivyojazwa kupita kipimo) ukatae.

Hoteli zinalipa?

Zinalipa, lakini kwa wakati wao. Mimi niliwahi kuipelekea hoteli moja saladi na hoho kwa wiki nane nikingoja malipo ya kwanza. Vibarua wangu walinielewa wiki ya tatu, wiki ya tano wakaacha. Siku hizi naandikiana siku za malipo kabla ya fungu la kwanza, na hoteli hazizidi theluthi ya mauzo yangu. Hoteli pia inataka kilo 15 kila Ijumaa, iwe mvua au jua. Mkiwa wakulima watano mnaopanda kwa zamu mtaweza. Peke yako ni vigumu.

Nipande lini ili nisikutane na bei ya chini?

Juni hadi Agosti hali ya hewa ni nzuri, kila mtu analima, na bei ya nyanya na majani inashuka. Masika mabonde yanafurika, ukungu unamaliza nyanya, na bei ya nyanya na hoho inapanda. Mwenye tuta lililoinuliwa na paa dogo ndiye anayeuza Aprili. Miche ya nyanya ya kuuza Aprili inakuwa kitaluni mwishoni mwa Desemba, wakati wengine wako kwenye sikukuu.

Majani yana tofauti kidogo: kijijini, masika kila ua lina majani ya maboga na ya kunde, hivyo mchicha haulipi; mjini, panapotegemea bonde lililofurika, unalipa sana. Jua uko wapi.

Mboga za haraka usizipande zote siku moja. Matuta mawili kila wiki, Jumatatu, hata kama hujisikii. Mchicha uliokomaa wote kwa pamoja unautafutia mnunuzi kwa kuomba.

Mboga zinanyauka kabla hazijafika. Nifanyeje?

Vuna saa kumi na moja alfajiri, weka kivulini mara moja, funika kwa kiroba kilicholoweshwa maji safi. Usiziloweke kwenye ndoo, zinaoza katikati.

## Cheti

Nahitaji cheti ili kuuza?

Kwa kaya ishirini na genge, hapana; bustani iliyo wazi kwa mteja ni cheti tosha. Kwa duka na hoteli, kinasaidia. Mkulima mdogo aanze na uhakiki shirikishi: wakulima wa kikundi wanakaguana wenyewe kwa kiwango cha Afrika Mashariki, wanaandika, na wakikubaliwa wanatumia alama ya Kilimohai. Gharama ni ndogo kuliko kumwita mkaguzi wa kampuni. TOAM (Tanzania Organic Agriculture Movement), iliyoanzishwa mwaka 2005, ndiyo inayounganisha wadau wa kilimo hai Tanzania. Kenya kuna KOAN (Kenya Organic Agriculture Network). Kwa mafunzo hapa Morogoro kuna kituo cha Sustainable Agriculture Tanzania huko Vianzi.

Ukitaka kuuza Ulaya au Marekani uhakiki shirikishi hautoshi, unahitaji mkaguzi anayetambuliwa kule.

Shamba lililotumia kemikali linangoja muda gani?

Kwa mazao ya msimu, kiwango chetu kinataka angalau miezi 12. Marekani wanataka miezi 36 tangu kemikali ya mwisho. Katika kipindi hicho unalima na kuuza kama kawaida, ila huitumii alama.

## Yanapokuwa magumu

Jirani anapuliza sumu, upepo unaileta kwangu.

Panda uzio mnene wa majani ya tembo au mlonge upande huo, na acha mita chache ambazo mavuno yake huuzi kama hai. Mwombe akwambie siku anayopuliza. Maji yakitiririka kutoka kwake, chimba mfereji wa kuyageuza. Yote hayo yaandike, wahakiki watayauliza.

Shamba langu liko ukingoni mwa mto. Kuna tatizo?

Lipo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za mto. La pili ni ubora wa maji. Mto unaopita mjini na kupokea maji taka au ya viwandani haufai kumwagilia mboga za kuuza kama hai, hata usipotumia tone la kemikali. Madini mazito yanaingia kwenye jani na hayatoki kwa kuosha.

Shamba ni la kukodi mwaka mmoja mmoja. Inafaa?

Samadi unayoweka mwaka huu inafanya kazi hadi mwaka wa tatu. Mwenye shamba akikuona unavuna vizuri atalichukua. Andikianeni miaka mitatu angalau, serikali ya mtaa ikiwa shahidi. Ukishindwa kuipata, lima majani ya haraka tu na usichimbie fedha yako ardhini kwake.

Nilishindwa, nikapuliza dawa ya dukani mara moja. Nimeharibu kila kitu?

Sehemu hiyo inaanza kuhesabu miezi upya (tazama swali la kungoja), na kikundi lazima kijue. Waambie wateja wa kapu pia. Mwenzetu mmoja alificha, mtoto wake akaropoka mbele ya mteja, na kikundi kizima kilipoteza duka. Ukisema mapema, unapoteza tuta moja.

Tuta moja limegoma kila msimu, mimea inadumaa hata nikiweka samadi.

Ng'oa mmea, osha mzizi. Ukiona vinundu kama shanga zilizokaa ndani ya mzizi wenyewe, hao ni minyoo fundo. Usichanganye na vinundu vya kunde, ambavyo vimebandika pembeni na vinabanduka kwa kidole. Minyoo fundo inapenda nyanya, bilinganya, bamia na karoti, kwa hiyo yote hayo yaondoke hapo. Panda marejea, mmea wa jamii ya kunde wa kurutubisha udongo, kwa wingi, iachie miezi mitatu, ikianza kutoa maua ikate na kuichimbia. Rudia mara ya pili kama vinundu bado vipo kwenye mche wa nyanya wa majaribio. Jembe ulilotumia kwenye tuta hilo lioshe kabla ya kuhamia la pili, maana minyoo inasafiri na udongo ulioganda kwenye jembe.